Mchoro wa Tingatinga katika Soko la Mtandaoni: Uhakiki

Michoro ya Edward Saidi Tingatinga (aliyefariki 1972) iliuzwa Oysterbay, Dar es Salaam, ambako mnunuzi aliuona ubao wenyewe kabla ya kulipa. Warithi wa mtindo wake sasa huuza pia kupitia Instagram na WhatsApp. Uhakiki huu unabainisha kuwa picha ya simu huwafikisha chui na ndege wao mbali, lakini hupunguza mng'ao wa rangi ya mafuta na kuficha ukubwa halisi wa kazi. Aidha, mchoro uliopakiwa huigwa kwa urahisi. Hata hivyo, wanafunzi wa Tingatinga walijifunza kwa kuiga. Hivyo kinachostahili kulindwa zaidi ni saini. Msanii asiyejulikana kwa jina lake huuza mtindo wa wote, wala si kazi yake.