Namna ya kuupima mfupa wa Tendaguru

Anayetaka kuujua mfupa mzuri wa Tendaguru ausahau kwanza ukubwa. Kilima hicho, kilichopo kaskazini-magharibi ya mji wa Lindi, kimepata jina duniani kwa sababu ya dinosaria, mjusi mkubwa wa kale ambaye mifupa yake ilisimamishwa Berlin mwaka 1937, kimo chake zaidi ya mita 13. Sifa hiyo imewafanya wengi waamini kwamba mfupa wa paja unaomzidi mtu urefu ndio bora. Nimeona vipande vya ukubwa wa kiganja vyenye thamani kuliko huo.

Anza na madini yenyewe. Mnyama alipokuwa hai, mfupa wake ulikuwa fosfati ya kalisi, jamii ya apatiti. Katika miaka milioni 150 hivi ardhini, maji yakauongezea florini ukawa mgumu, kiasi cha 5 katika kipimo cha Mohs. Maji hayohayo hubeba urani, na apatiti huinasa. Ndiyo maana fosfati ya Minjingu kule Manyara, ambayo sehemu yake ni mabaki ya ndege na samaki, nayo ina urani. Lakini usiuweke mfupa kundi moja na otuniti. Katika otuniti, urani ni kiungo cha madini yenyewe: hutokea kama magamba ya manjano, laini, yanayong'aa kijani chini ya taa ya urujuanimno. Katika mfupa wa kale urani ni mgeni aliyejipenyeza kwa kiasi kidogo, na anayemtafuta atumie kipima mionzi. Wapo wanaougusa mfupa kwa ulimi ili kuutofautisha na jiwe, kwa kuwa vitundu vyake hunata. Njia hiyo siikubali hata kidogo.

Ulimi wa nini, na jicho lipo? Tazama palipovunjika. Mfupa wa kweli una ganda gumu nje na vitundu vingi ndani. Jiwe lililofanana nao kwa umbo tu huwa sawasawa kote. Ganda likiwa zima, mtaalamu anaweza kukata kipande chembamba, akakitazama kwa hadubini na kusoma jinsi mnyama alivyokua. Kwangu hilo ni daraja la kwanza. Mfupa uliobanwa na udongo hadi ukawa bapa hushuka daraja, hata ukiwa mkubwa namna gani.

Kisha kagua kazi ya mikono, maana hapa ndipo ufundi ulipo. Kati ya 1909 na 1913, wakati wa msafara wa wanasayansi Wajerumani Werner Janensch na Edwin Hennig, mafundi na vibarua wa Lindi walifukua mamia ya tani za mifupa na mawe yake. Msimamizi wao mkuu alikuwa Boheti bin Amrani. Jina lake limo katika Australodocus bohetii, mjusi aliyepewa jina mwaka 2007. Mifupa mikubwa waliifunga kwa plasta, mingine wakaizungushia fito za mianzi, kisha wapagazi wakaibeba kwa miguu siku kadhaa hadi bandarini Lindi. Mfupa uliofika salama kwa njia ile unaonyesha viungo vyake vikiwa kamili, kingo hazikulika. Ukiona gundi imefurika nje ya ufa, au plasta iliyopakwa rangi ili ifanane na mfupa, fundi ameficha kitu. Kiraka chema huonekana. Hata mjusi wa Berlin ameunganishwa kutokana na wanyama kadhaa, na fuvu lililo juu ya shingo yake ni nakala. Anayeonyesha mifupa aliseme hilo waziwazi.

Kipimo kinachoyapita yote ni kumbukumbu ya mahali. Tendaguru ina matabaka matatu makuu ya mifupa, yakitenganishwa na mchanga wa bahari wenye makombe. Mfupa ulioandikwa shimo, tabaka na ulivyolala una ushahidi. Uliong'olewa bila maandishi, hata ukiwa mzuri kama yaspi, umepoteza zaidi ya nusu ya thamani yake.

Kwa hiyo ndugu msomaji, jembe lako likigonga mfupa wa mawe shambani, usiutoe. Ufunike, weka alama, umwarifu mwenyekiti wa kijiji ili habari ifike Idara ya Mambo ya Kale. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inataka leseni kabla ya kuchimba.