Uso na Kisogo cha Bonsai

Bonsai ina uso na kisogo. Mtu asiyeijua huuona ule mti mfupi ndani ya chungu bapa akadhani ni wa kutazamwa kokote, kumbe fundi wa Kijapani alikwisha kuamua upande utakaomkabili mgeni. Kuamua huko ndiko kunakokula muda. Huweka chungu juu ya meza inayozunguka, akainama mpaka macho yalingane na shina, kisha akauzungusha mti kidogo kidogo. Mkasi bado hajaushika.

Huanzia chini. Kwa kijiti hukwangua udongo wa juu hadi mizizi ionekane inapoachana na shina, maana mizizi iliyotambaa pande zote ndiyo inayoupa mti wa sentimita 40 sura ya mkongwe. Mzizi mnene ukichomoza kumwelekea mtazamaji, upande huo hauchaguliwi kirahisi. Shina nalo linatakiwa kuwa pana chini na kupungua kadiri linavyopanda, bila tawi la kuliziba sehemu ya chini. Kilele huinamishwa mbele kidogo, kama mwenyeji anayempokea mgeni.

Mimi hasa hulistahi tawi la nyuma. Ukiwa mbele hulioni lote. Majani yake huchungulia tu katikati ya matawi ya pembeni. Lakini liondoe uone: mti mzima unakuwa bapa, hauna kina. Fundi hulipinda kwa uangalifu uleule anaoyapa matawi ya mbele, akilizungushia waya kwa mshazari wa nyuzi 45 hivi, waya wa shaba kwa misonobari na wa alumini kwa miti inayopukutisha majani. Tawi likinenepa kabla waya haujatolewa, waya huzama kwenye gome, na kovu lake hukaa miaka. Jua pia ligawiwe: chungu kisipogeuzwa, upande wa kivulini hudhoofika.

Kijiji cha bonsai cha Omiya, huko Saitama, kilianzishwa mwaka 1925 na wakuzaji waliohama Tokyo baada ya tetemeko la 1923. Wakazi walipewa masharti: kila mmoja awe na bonsai zisizopungua kumi, lango liwe wazi, nyumba isiwe ya ghorofa. Hilo la ghorofa linanifurahisha, kwa kuwa bonsai ikitazamwa kutoka juu ni kichaka tu.

Katika bustani ya taifa ya miti mjini Washington upo msonobari mweupe wa Kijapani uliotunzwa tangu 1625. Bomu la atomiki lilipoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945, ulikuwa nyumbani kwa akina Yamaki, kilomita tatu hivi kutoka pale, ukakingwa na ukuta. Masaru Yamaki aliwazawadia Wamarekani mti huo mwaka 1976. Habari za bomu zilifahamika huko mwaka 2001, wajukuu wake walipokwenda kuutazama.

Mti wa umri huo hupita mikononi mwa watunzaji wengi, na uso uliochaguliwa na wa kwanza si lazima udumu. Nafasi ya kuubadili hupatikana wakati wa kuuhamishia chungu kingine. Mizizi hupunguzwa, shina likaegemezwa nyuzi chache tu, mti ukafungwa kwa waya uliopitishwa kwenye matundu ya chungu. Tawi lililokuwa la pembeni sasa liko mbele, la nyuma limehamia ubavuni, na fundi anarudi kwenye meza yake kupinda upya.