Mkono wa Kushoto wa Mpiga Kodiani

Chang'ombe vinanda vya umeme haviadimiki. Vipo makanisani, na kwaya ya vijana ya AIC Chang'ombe imejulikana nchi nzima. Vipo kwenye kumbi za harusi. Uswahilini Temeke, vijana wa muziki wa mchiriku walichukua vile vidogo vya Casio wakaviunganisha na spika mbovu mpaka mtaa mzima ukakesha. Katika vile vikubwa vinavyofuata mpangilio wa sauti waliokubaliana watengenezaji mwaka 1991, namba 22 ni kodiani. Unaichagua, unabonyeza, inalia. Wengi inawatosha. Mimi hainitoshi, kwa sababu haina mkono wa kushoto.

Kodiani yenyewe, ile ya kuvaliwa kifuani kwa mikanda miwili, hailii kwa kubonyezwa tu. Bonyeza vibao vyake vyote bila kuvuta wala kusukuma, hutasikia kitu. Sauti huzaliwa pale hewa ya mvukuto inapopenya kwenye ulimi mwembamba wa chuma cha pua, uliopigwa ribiti upande mmoja juu ya tundu lililokatwa kwa kipimo chake. Kila noti ina ndimi mbili katika kila safu, mmoja wa kusukuma na mwingine wa kuvuta. Kodiani kubwa ya vibao 41 kulia na vitufe 120 kushoto, yenye safu nne za ndimi upande mmoja na tano upande wa pili, ina ndimi 448. Zote zinasubiri pumzi ya mkono mmoja, ule wa kushoto.

Mkono huo ndio ninaoutazama kila ninapowasikiliza wanataarabu wa Zanzibar, Culture Musical Club walioanza mwaka 1958 au Ikhwani Safaa wa tangu 1905. Kodiani iliingia katika taarabu kwa kufuata okestra za Misri, ikapewa nafasi kando ya fidla na ganuni. Uzi wa ganuni ukishadonolewa, sauti yake inaanza kufa hapo hapo. Kodiani inaweza kuishika noti, kuikuza, kuipunguza, kisha kuiacha pale mwimbaji anapofungua kinywa. Vidole vya kulia vinarembesha, na watu huvishangilia. Lakini mpigaji hodari ameshapanga tangu mwanzo wa ubeti ageuze mvukuto wapi, ili pumzi isimwishie katikati ya neno la mwimbaji. Akigeuza vizuri, hakuna anayejua kwamba amegeuza. Tena anajua kujizuia: ulimi mnene wa noti za chini ukisukumwa kwa nguvu nyingi, sauti yake inashuka kidogo, na fidla zote zilizo jirani zinaonekana kama zimekosea.

Nyuma ya mpigaji yupo mrekebishaji wa ndimi, na huyo namheshimu zaidi. Maqamu, yaani mipangilio ya noti ya muziki wa Kiarabu, kama Rast na Bayati, zina noti isiyopatikana kwenye vibao vya kiwandani, kwani inakaa baina ya vibao viwili. Mpiga fidla anateleza kidole, kazi imekwisha. Mpiga kodiani hana pa kutelezea. Mafundi wa nchi za Kiarabu waliitatua shida hiyo kwa tupa: walizishusha ndimi za noti zinazohusika, hadi zikaikuta sauti inayotakiwa.

Kazi yenyewe inataka mtu aliyetulia. Kibamba cha ulimi kimegandishwa kwa nta ya nyuki iliyochanganywa na utomvu, hivyo haking'olewi kwa pupa. Fundi anaingiza bati jembamba chini ya ulimi ili usipinde. Akitaka kuishusha sauti, anakwangua karibu na ribiti; akitaka kuipandisha, anakwangua kwenye ncha. Anachoondoa ni vumbi tu la chuma. Kisha anasubiri, maana chuma kilichopata joto la msuguano na vidole hakisemi kweli mpaka kipoe. Anapima, anakwangua tena mara moja, anapima. Halafu anaugeukia ulimi wa pili wa noti ile ile, kwa sababu ukisukuma na ukivuta lazima sauti iwe moja. Akizidisha, ulimi unadhoofika na ipo siku utakatika katikati ya shughuli. Chuma kilichokwanguliwa hakirudishwi.

Hewa yetu ya pwani inamwongezea kazi. Chumvi na unyevu huleta kutu, na kutu ikishika ulimi noti inapotea njia. Vile vipande vya ngozi vinavyoziba upande usiotumika hujikunja, kodiani ikaanza kukoroma. Kwa hiyo hata chombo kilichorekebishwa vizuri kinamrudia fundi.

Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi, pale Unguja, kimekuwa kikifundisha ala za taarabu tangu mwaka 2002, na nakishukuru. Ila mpigaji bila mrekebishaji atapiga kwa miaka michache tu. Chang'ombe tuna chuo cha ufundi cha VETA, ambako vijana wanashika tupa na kupima chuma kila siku. Ningependa wachache wao wawekewe mezani kodiani moja iliyoharibika, wakae na mpigaji mwenye masikio yaliyozoea Rast, waanze na ndimi mbili za noti moja.