Mkasi Usio na Haraka

Karibu kila kibanda cha kinyozi hapa Kisenyi, Kampala, kina bango la vichwa ukutani. Ni vijana wenye sura za kujiamini, kila mmoja na namba yake, mteja asipate taabu ya kueleza; ananyoosha kidole tu. Nimeyatazama sana mabango hayo nikisubiri zamu, na kuna kichwa ambacho sijakiona hata mara moja: cha mwanamume anayefuga nywele na bado hazijafika. Ile miezi ambayo za pembeni zimeshafika masikioni ilhali za juu zimelala, kisogoni pameota mkia, na nyumbani mama anauliza kama mwanawe anaumwa.

Kichwa hicho kinataka fundi wa mkasi, na mafundi wa mkasi wanatuishia.

Ninayemjua mimi ni mzee wa Kisomali mwenye kibanda upande wa kuelekea soko la Owino. Mashine anayo, kaifunika kitambaa. Juzi aliketi mbele yake kijana aliyemaliza kidato cha sita. Shule zetu nyingi za Uganda humnyoa mtoto tangu darasa la kwanza hadi mtihani wa mwisho, mvulana kwa msichana, hata mtu anafikia umri wa kupiga kura hajawahi kukutana na nywele zake mwenyewe. Hajui zinageukia wapi. Mitihani ikiisha anaziachia kwa furaha, zinakuwa timutimu, na kabla hazijamfaa anakata tamaa.

"Mzee, toa zote," kijana alisema.

Mzee hakumjibu. Alimpitishia vidole kichwani polepole, akashika unywele mmoja wa utosini, akauvuta. Ulinyooka ukapita urefu wa pingili ya kidole. Akauachia, ukajikunja ukarudi ulikotoka.

"Umeona, adeer? Zipo. Zimejificha tu."

Kisha akapuliza maji, akachana kuelekea juu, akaanza. Wanaomjua wanajua kwamba mkasi wake haunyamazi. Unalia hata usipokata, ukitafuta mwendo, na ghafla unashuka juu ya kitana, nywele tatu nne zinaanguka begani, unapanda tena hewani kulia. Pembeni alipunguza. Kisogoni akaondoa ule mkia. Juu hakugusa kabisa. Kuzuia za pembeni mpaka za juu zifike ndiyo kazi yote, kwa maana nywele huota kama sentimita moja kwa mwezi, na kipilipili hukuficha sehemu kubwa ya urefu wake. Kwa hiyo mteja anarudi baada ya wiki kadhaa, anapunguzwa tena kidogo, na anaambiwa avumilie.

Jambo jingine nililopenda: hafikishi chuma kwenye ngozi. Mtaa huu ni wa adhana, na wazee wake bado wanaikumbuka hadithi ya Mtume iliyopokewa na Ibn Omar inayokataza kunyoa upande na kuacha upande. Leo vijana wanatoka vibandani pembeni pamesafishwa mpaka panang'aa, juu kichaka, na hakuna anayeuliza.

Zamani mfuga nywele hakuachwa peke yake. Morani wa Kimaasai alisukwa na wenzake, akapakwa mafuta na udongo mwekundu, na siku ya eunoto, sherehe ya kuhitimu umorani mdogo, mama yake ndiye aliyemnyoa. Wasomali wafugaji walizilainisha kwa samli. Msafiri Mwingereza Richard Burton aliviona vichwa vyao na kuviandika katika kitabu chake cha 1856. Hata afro za miaka ya 1970, ambazo watawala wengine walizichukia (Rais Banda wa Malawi alipiga marufuku nywele ndefu kwa wanaume, watalii wakiwemo), zilikuwa na chanuo lake mfukoni na rafiki wa kukutazama kisogo. Sasa kijana ana kioo cha simu, ambacho kisogo hakikioni.

Siwalaumu vinyozi wa mashine peke yao. Nani atamlipa mtu kwa nywele alizoziacha? Dakika kumi, kichwa kinachofuata, na pango la kibanda halingoji nywele ziote. Mzee mwenyewe alichukua nusu ya bei siku ile. Alisema kakata nusu ya kichwa, na kijana akaondoka akijipapasa bila kujua kama amenyolewa au hakunyolewa.

Nilimuuliza mzee kama ana mwanafunzi anayemfundisha. Alicheka. Wa mwisho, alisema, alikaa mpaka akajua kukunja shuka na kufuta kioo, akachoshwa na mkasi, akaenda kufungua kibanda chake mtaa wa pili. Kina mashine tatu na bango jipya.