B2 ilikuwepo, haikuwashwa

Mzee wa Nyangwe hana kigugumizi. Nalisema mapema kwa sababu tangu Jumapili ile nasikia watu wakimhurumia kwamba uzee umemfikia, na wengine wakiulaani mtandao. Mtandao siku ile ulikuwa na adabu kuliko kawaida yake, na mzee akili zake zote anazo. Aliyemkata maneno ni fundi wa kipindi, kwa kumrudishia B1, miksi yenye sauti yake mwenyewe ndani.

Mliosikiliza mnakumbuka. Vijana wa Kasongo wanaorusha kipindi chao mtandaoni kwa kupenda tu, kwa ajili ya watu wa Maniema waliotawanyika Kinshasa, Bujumbura na Ulaya, walimpigia mzee kwa WhatsApp asimulie habari za soko la Nyangwe na za tarehe 15 Julai 1871, siku Livingstone aliposhuhudia watu wakipigwa risasi sokoni na wengine wakizama Lualaba wakikimbilia mitumbwi. Salamu zilikwenda vizuri. Akaanza na akina mama walivyokuwa wakiteremka na vikapu. Kisha muziki wa chini ukaingia, na hapo hapo mzee akaanza kuvuta maneno, akarudia neno moja mara tatu, akanyamaza, akauliza ni nani anayesema nyuma yake. Mtangazaji akamwambia aendelee tu, anasikika. Anasikika, ndiyo, na tatizo lilikuwa kwamba yeye mwenyewe alikuwa anajisikia.

Tuitazame meza. Voicemeeter Banana, miksa ya ndani ya kompyuta: maikrofoni kwenye mstari wa kwanza, muziki wa ZaraRadio kwenye VAIO, WhatsApp kwenye AUX. Mistari yote mitatu imewashwa B1, njia ya kwanza ya kutokea. BUTT inasoma B1 na kuipeleka kwenye seva, sawasawa. Halafu ukifungua mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya maikrofoni, unakuta nayo imechaguliwa B1. B2, njia ya pili, giza tupu, toka juu mpaka chini. Nilidhani fundi amesahau. Hakusahau. Alinieleza kwa utulivu kwamba aliamua mgeni asikie kile kile anachosikia msikilizaji, ili ajione yuko studio pamoja nao.

Uamuzi huo unapendeza ukiusikia haraka haraka, ndiyo maana naupa nafasi. Mgeni aliyeketi studio hujisikia kwenye hedifoni na haimsumbui, kwa kuwa sauti yake inamfikia papo hapo. Ya mzee ilitoka Nyangwe, ikapanda mnara, ikazunguka inakojua yenyewe, ikashuka Kasongo, ikapita kwenye bafa za Windows na za Voicemeeter, kisha ikafunga safari ile ile kurudi. Kwa sikio langu ilichelewa zaidi ya nusu sekunde. Mmarekani Bernard Lee aliliandika jambo hili mwaka 1950: mrudishie mtu sauti yake mwenyewe ikiwa imechelewa kidogo, ataanza kugugumia, kurudia silabi na kusimama katikati ya sentensi. Kujikaza hakusaidii, maana ulimi unalisubiri sikio. Mtangazaji mzoefu huvua hedifoni akaendelea. Mzee mwenye simu sikioni atavua nini?

Dawa yake kila fundi wa redio hufundishwa wiki ya kwanza: miksi-mainasi. Mgeni anapelekewa kila kitu isipokuwa yeye mwenyewe. Banana ina B mbili kwa kazi kama hiyo hasa. Ile Voicemeeter ya kwanza ilikuwa na B moja tu, na angekuwa nayo hiyo ningemwelewa. Huyu alikuwa na mlango wa pili, akauacha umefungwa kwa hiari.

Lakini walijaribu mchana, utaniambia, na ilikuwa safi. Ndiyo, na hapo ndipo penye utamu wa kiufundi. Walijaribu kwa halo halo, bila muziki. WhatsApp ya upande wa Kasongo ina kichujio cha mwangwi: inakumbuka sauti iliyotoka kuitoa kwenye spika, na ikiikuta tena kwenye maikrofoni inaifuta. Ilipomkuta mzee ndani ya B1 ikamfuta, fundi akaamini njia yake ni safi. Kumbe kichujio hicho kiliundwa kwa ajili ya spika na maikrofoni za chumba kimoja, watu wawili wakipokezana maneno. Kibebeshe muziki usiokatika, juu yake mtangazaji anayeitikia naam, naam kila mzee anapovuta pumzi, na kitashindwa kujua kipi kifutwe. Kinabahatisha. Mara kinamwachia mzee arudi mzima mzima, mara kinamtafuna mtangazaji. Ndiyo maana dakika tano za salamu zilikuwa nzuri na simulizi ikaharibika muziki ulipoingia. Hata simu tu iliyowekwa mezani mbele ya maikrofoni, spika wazi, ingetoa sauti ya bati, lakini mzee angemaliza habari yake.

Wazee wa foni, ile redio ya kuongea kwa kitufe, wasingefanya hivi. Nawarudia kila mara na sitaacha. Miaka ile simu ya mkononi haijafika kwetu, parokia na wafanyabiashara wa Kasongo na Kabambare walizungumza kwa foni, na ukishika kitufe kusema husikii, ukiachia unasikia. Mwangwi ungepita wapi? Nilimwona fundi mmoja wa zamani akiiunganisha foni na miksa ya analogi: spika ya foni inaingia chaneli ya nne, maikrofoni ya foni inalishwa na Aux, na kwenye chaneli ya nne kinobu cha Aux kimeshushwa hadi sifuri na kufungwa kwa plasta ili mtu asikiguse. Plasta ile ndiyo miksi-mainasi. Hakuwa na neno lake, alikuwa na plasta.

Vijana wa leo hawana waya wa kufuatilia kwa kidole, na kwa hilo nina kinyongo cha zamani. Tangu Windows Vista, Stereo Mix, mlango wa kunasa kile kompyuta inachocheza, inakuja imezimwa na kufichwa, mpaka uende kubofya kitufe cha kulia cha kipanya ndipo ionekane. Watu wakakimbilia kebo pepe, na kebo pepe hazionekani; unaona orodha ya majina tu. Mwaka 2018 Windows 10 iliruhusu kila programu kuchaguliwa spika na maikrofoni yake, hatua nzuri, nayo ikafichwa chini ya menyu ya tatu. Huku kwenye Linux, Paul Davis alitupatia JACK zaidi ya miaka 20 iliyopita, na ndani yake unachora mstari kutoka programu hii hadi ile. Tangu Fedora 34 ya mwaka 2021 PipeWire inafanya hivyo bila kukusumbua. Meza ya Jumapili ile ingekuwa ya Linux, ungefungua qpwgraph, inayoonyesha mistari hiyo, ungeona mstari unatoka WhatsApp, unaingia kwenye miksi, unarudi WhatsApp. Kitanzi kama hicho hata mtoto angekionyesha kidole. Nimelisema hili miaka yote, najibiwa kwamba Linux ni ya wataalamu. Haya, tumeona ya wasio wataalamu.

Mengine walifanya vema: kila kitu 48 kHz, mono, hakuna mlio hata mmoja wa ujumbe ulioingia hewani, na umeme wa jua ulihimili mpaka mwisho.

Mzee amekubali kurudi. Safari hii, kwenye mstari wa maikrofoni washeni B1 na B2. Muziki ubaki B1, B2 yake isiwashwe, mzee hahitaji ngoma sikioni. Kwenye AUX, aliko mzee, B1 na A1 ya hedifoni zenu tu. B2 ya hapo isiguswe, na mkitaka bandikeni plasta kwenye skrini. Maikrofoni ya WhatsApp ichague B2, BUTT ibaki na B1. Kisha jaribuni muziki ukicheza na mtangazaji akisema, mtu wa Nyangwe ahesabu moja hadi ishirini bila kusimama, na mumuulize yeye alichosikia.