Wapigapicha wa Kipupwe cha Elgon
Wapigapicha wa mandhari wa Matisi, pembezoni mwa Kitale, wanastahili pongezi za dhati, kwa kuwa kipupwe cha Juni hadi Agosti, ambacho huko hakileti theluji bali mvua na ukungu wa alfajiri, huwadai subira kubwa kuliko jua kali la Januari. Picha nyeusi na nyeupe, yaani ile inayogeuza rangi zote kuwa viwango vya kijivu, huidhihirisha vyema miteremko ya Mlima Elgon, wenye kimo cha mita 4,321, hasa kichujio chekundu, ambacho ni kioo kinachozuia mwanga wa buluu, kinapolitia anga giza na kuyaacha mawingu yang'ae. Ustadi huohuo wa kuutawala mwanga ndio unaohitajiwa na mpigapicha wa minara ya taa inayoongoza meli pwani, kwani ukuta wa mnara uliopakwa chokaa hupoteza umbo mwanga unapozidi.