Jinsi Gurnah alivyozipanga ishara za Peponi

Bundi akilia ukurasa wa pili, ukurasa wa nane mtu amefariki. Hadithi nyingi za vijana wanaoandika hapa Kalemie zinakwenda hivyo, na ukimuuliza mwandishi bundi katokea wapi, atakujibu kwamba ni ishara. Tatizo ni kwamba bundi huyo hajawahi kuwa ndege. Hana mti anaolala, hana panya anayemwinda, wala hakuna mtoto aliyemrushia jiwe. Ameitwa kutangaza kifo, na msomaji anamgundua kabla hajamaliza kulia.

Nataka kuonyesha namna kazi hii inavyofanywa vizuri, na mfano ninaouchagua unatuhusu kwa karibu, kwa sababu kilele cha safari inayosimuliwa kiko upande wetu wa Ziwa Tanganyika. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar wa mwaka 1948, alichapisha riwaya ya Paradise kwa Kiingereza mwaka 1994, na mwaka huohuo ikaingia katika orodha fupi ya tuzo ya Booker. Alipata Nobel mwaka 2021. Mwaka uliofuata Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam walitoa tafsiri ya Ida Hadjivayanis, Peponi. Yusuf, mtoto wa miaka kumi na miwili, anachukuliwa na tajiri Aziz kuwa rehani ya deni la baba yake. Anakaa dukani pwani, anaitamani bustani ya tajiri, kisha anaingizwa katika msafara wa kwenda bara. Wanavuka ziwa, na ng'ambo wanaangukia mikononi mwa mtawala aitwaye Chatu, anayewapokonya mali yote.

Tukio hilo la kuporwa lina mizizi katika maandishi ya Kiswahili. Mwaka 1901 Carl Velten alichapisha Safari za Wasuaheli, mkusanyiko wa habari za wasafiri wenyewe, na wahakiki wameonyesha jinsi Gurnah alivyochota katika masimulizi ya mmoja wao, Selemani bin Mwenye Chande. Msafiri anaeleza njia, hongo, njaa na hasara. Ni ushahidi wenye thamani kubwa, lakini ni wa mtu anayesema kilichompata, basi. Mwandishi wa riwaya alipaswa kuipa hasara hiyo maana inayomgusa hata asiyekuwa na shehena.

Tuanze na mbwa, kwa sababu hapo ndipo ufundi wake unapoonekana wazi kuliko kwingine. Yusuf anapofika nyumbani kwa Aziz, analala barazani pamoja na Khalil, kijana mwingine wa rehani. Usiku mbwa wa mitaani wanawazunguka. Ni mbwa kweli, wana njaa na wananuka, na mtoto ambaye hajazoea kulala nje ana kila sababu ya kuwaogopa. Khalil anawafukuza kwa kelele na matusi. Ukilisoma hilo kama habari ya mtoto mgeni na mbwa koko, hupungukiwi na kitu. Baadaye mbwa wanahamia ndotoni, na huko wanakuja kumtazama Yusuf katika woga wake. Mwandishi hatuambii wanamaanisha nini, anawarudisha tu mara kwa mara, kila safari mahali pengine. Mwishoni kabisa, askari wa Mjerumani wanapiga kambi mbele ya duka wakikusanya watu kwa nguvu, na wanapoondoka wanaacha kinyesi chao karibu na mti. Mbwa wanakuja kukila. Yusuf anawatazama, na katika ulafi ule anajiona mwenyewe.

Pigo hilo lisingekuwa na nguvu kama mbwa wangetokea mara ya kwanza mwishoni, na lingepoa kama mwandishi angetuambia mapema kwamba mbwa ni utumwa. Dokezo zuri, yaani ishara ya jambo linalokuja, linapandwa kama tukio la kawaida, linaachwa lisahaulike, na msomaji analikumbuka mwenyewe siku linapozaa. Ndivyo ilivyo pia kwa kituo cha reli katika kurasa za mwanzo. Yusuf anawatumbulia macho Wazungu wawili waliosimama pale, mmoja anamtolea meno, na mtoto anakimbia. Ni jambo la dakika moja. Lakini mtu aliyefika ukurasa wa mwisho akarudi hapo atagundua kwamba tangu mwanzo alikwisha kuonyeshwa wenye nguvu mpya, na meno pia.

Bustani inafanya kazi kwa njia nyingine. Ina ukuta, maji, makomamanga, na mzee Hamdani anayeitunza bila kusema. Kwenye miti vimetundikwa vioo. Mara ya kwanza kioo ni pambo tu, na mtoto anakishangaa. Baadaye tunajua kwamba mke wa tajiri anavitumia kuwaona walio bustanini bila yeye kuonekana. Kitu kilekile kimegeuka, na pamoja nacho pepo yenyewe imegeuka kuwa mahali pa kuchunguzwa. Mwandishi hakuongeza hata sentensi moja ya kufafanua, na sioni kilichopungua.

Jambo la hila zaidi ni jina la mhusika mkuu. Kila msomaji wetu anamjua Yusuf, kwa Sura ya 12 ya Kurani au kwa Yosefu wa kitabu cha Mwanzo. Anajua kuna ndoto, kuna kuuzwa, kuna mke wa bwana. Kwa hiyo hadithi ya kale inafanya kazi ya dokezo bila mwandishi kutoa jasho. Mke wa Aziz anapomshika kijana, shati linachanika mgongoni. Msomaji Mwislamu anatambua hapohapo ushahidi wa kutokuwa na hatia, kwa sababu ndivyo Kurani inavyosimulia. Aliyelelewa na katekisimu, kama wengi hapa kwetu, anakumbuka vazi lililoachwa mkononi mwa mwanamke, na kwake alama hiyo ya mgongo ni mpya. Wote wawili, hata hivyo, wanangoja jambo moja: Yusuf ainuliwe, awe mkubwa, awaokoe ndugu zake na njaa. Gurnah anawangojesha mpaka mwisho, na kuinuliwa hakuji. Kijana anawakimbilia askari walewale. Gurnah ametumia ahadi ya hadithi takatifu kutufanya tuhisi ukoloni ulivyozikata njia za watu, na hili ndilo ninaloliona kubwa kuliko yote katika kitabu.

Lipo dokezo la aina nyepesi zaidi, na ziwa letu limetoa mfano wake unaojulikana duniani. Mwaka 1915 Waingereza walileta boti mbili ndogo, Mimi na Toutou, hadi Lukuga, hapa hapa, kupambana na meli za Wajerumani. C. S. Forester alijenga juu ya vita hiyo riwaya yake ya The African Queen, 1935. Mwanzoni boti imebeba baruti na mitungi ya oksijeni, na yeyote anayesoma anajua vitu hivyo havikupakiwa bure. Katika filamu ya John Huston ya 1951 vinalipuka na meli ya adui inazama, ilhali katika kitabu boti inazamishwa na dhoruba kabla ya kufika. Hapo dokezo linauliza swali moja tu, kitalipuka au hakitalipuka. Mbwa wa Gurnah wanauliza Yusuf ni mtu wa namna gani, na swali hilo halijibiwi kwa mlipuko.

Kuhusu Chatu, nasema machache. Katika Kusadikika ya Shaaban Robert, 1951, Karama na Majivuno wanabeba tabia zao katika majina, na hiyo ni haki ya istiara. Gurnah anatupa jina la nyoka, nasi tunamtazamia mwovu wa bustani. Tunachokuta ni mtawala mwenye malalamiko yenye msingi: mfanyabiashara aliyetangulia alimtapeli. Sisi tunaoishi upande huu wa ziwa tunazisoma sura hizo kwa jicho jingine, maana kwetu Chatu si mtu wa bara la mbali.

Kabla ya kuiacha ishara yoyote ndani ya hadithi yako, isome kana kwamba si ishara. Ikiwa kitu hicho hakina kazi nyingine, kitafutie kazi au kifute. Nanyi walimu wa fasihi wa Kalemie, mnaofundisha uchambuzi kwa vitabu vya Kifaransa, Peponi ipo kwa Kiswahili tangu 2022. Isomeni na wanafunzi wenu mara mbili, na mara ya pili anzeni na kile kituo cha reli.